Simu ya Novemba

Akina mama, akina baba, nanyi vijana mliofika mapema mkatupangia viti, asanteni. Leo nasema juu ya ukeketaji wa wasichana, na jinsi shule inavyoweza kuuzuia.

Novemba iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha mama mmoja pale Kawangware. Alikuwa akikatakata sukuma wiki ya wateja wa jioni. Simu ikalia: mama mkwe wake, kutoka Kisii. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua, kisha nikasikia, "Shule zikifungwa mlete huyo mtoto. Ameshakuwa mkubwa." Kisu kikasimama katikati ya fungu. Akavuta pumzi, akajibu, "Mama, Krismasi tutakuja sote na tutarudi sote. Huyu hakatwi." Akaendelea na mboga, mikono ikimtetemeka.

Amesoma hadi kidato cha nne. Dada yake aliishia darasa la tano. Alipopigiwa simu kama hiyo, alimpandisha binti yake basi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wasiokwenda shule kabisa, 58 walikuwa wamekeketwa. Kati ya 100 waliofika sekondari na kuendelea, waliokeketwa walikuwa 12. Lakini hesabu hiyo tuisome kwa makini. Msichana hukeketwa akiwa bado mdogo, na kwa Wamaasai na Wasamburu mara nyingi kisu hufuatwa na mahari, shule ikaishia hapo. Wengine hawakusoma kwa sababu walikeketwa. Ndiyo maana mimi hutazama zaidi mabinti: mama aliyesoma huwa hamkeketi bintiye kama afanyavyo asiyesoma.

Kwa nini? Naamini shule humpa mama pa kusimama. Ana shilingi yake. Haoni mahari kuwa ndiyo kesho pekee ya mtoto. Anajua sheria ya 2011 inayokataza ukeketaji: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, na kwamba anayejua akanyamaza naye ana kosa.

Sasa niseme ya kwetu Kisii, maana yananiuma. Sisi tunasomesha sana, lakini mwaka huo wa 2014 wanawake 84 kati ya 100 wa kabila letu walikuwa wamekeketwa. Wapo akina mama wenye vyeti waliompeleka mtoto kwa muuguzi, usiku, akadungwa sindano ya ganzi, wakasema hapa hakuna hatari. Tuliwahubiria miaka mingi juu ya kuvuja damu na pepopunda, nao wakatafuta wembe safi zaidi. Hatukuwaambia vya kutosha kwamba mtoto alizaliwa mzima, na hakuna wa kumpunguza, awe ngariba au muuguzi. Sheria haiwatofautishi hao wawili.

Yule dada aliyeishia darasa la tano ana binti wa pili, miaka 8. Desemba hii hapandi basi. Ameshaletwa Kawangware na begi lake, analala godoro moja na binamu yake.