Kucha Zimeonekana au Hazikuonekana?

ACHIENG: Karibuni tena kipindini, leo tunasoma nyayo za wanyama. Viatu vyetu bado vina tope la Dunga, kando ya Ziwa Victoria huko Kisumu. Mvua ilinyesha usiku, na saa kumi na moja alfajiri Wafula akanipigia simu: "Shemeji, amka, tope liko tayari."

WAFULA: Ungechelewa ungekuta ng'ombe na bodaboda wamefuta kila kitu. Tena mwanga wa asubuhi huja kwa ubavu, kwa hiyo unyayo unapata kivuli ndani yake. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, unaweza kuukanyaga unyayo huohuo bila kuuona.

ACHIENG: Tuanze na picha kutoka kwa msikilizaji wa Nakuru, anayeishi karibu na ua wa hifadhi ya ziwa. Ameandika neno moja tu: "Chui?"

WAFULA: Kwanza namshukuru kwa kuweka kalamu kando ya unyayo, la sivyo tusingejua ukubwa wake. Sasa tazama. Vidole vinne, na mbele ya kila kidole kuna kitobo kidogo. Hizo ni kucha. Chui akitembea huzirudisha kucha zake ndani. Huzitoa akipanda mti, akikamata windo, au akiteleza kwenye utelezi. Simba ni hivyohivyo, na paka wako wa jikoni pia. Katika jamii hiyo, duma ndiye anayetuvurugia hesabu, maana kucha zake hazirudi ndani kabisa.

ACHIENG: Basi huyu ni mbwa.

WAFULA: Au fisi, na hapo ndipo wengi hukosea. Usiishie kwenye kucha, angalia ile nyama nene ya wayo iliyo nyuma ya vidole. Ya mbwa ina umbo la pembetatu, na ukipitisha mstari katikati ya unyayo, kulia na kushoto kunafanana. Ya fisi imekaa mshazari. Halafu unyayo wa mbele wa fisi ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma, kwa sababu uzito wake uko kichwani, shingoni na mabegani. Chui naye ana wayo mpana, na ukingo wake wa nyuma una mafundo matatu. Huyu wa Nakuru ni mbwa, tena mbwa mkubwa.

ACHIENG: Hili jambo mimi huniuma. Nyumbani kwa mama, mbuzi wawili waliuawa usiku. Asubuhi watu walikusanyika, mmoja akatamka "chui", na baada ya hapo hakuna aliyeinama kutazama chini. Wakatega nyama yenye sumu. Kesho yake mbwa watatu wa majirani walikuwa wamekufa, na kunguru kadhaa kando yao. Nilikuwa na picha ya unyayo kwenye simu. Kucha zilionekana wazi kabisa, lakini wakati ule sikujua maana yake.

WAFULA: Pole, shemeji. Na sumu haichagui. Tai akila ule mzoga naye anakufa, na tai mmoja kumlea kinda mpaka aruke ni kazi ya miezi mingi.

ACHIENG: Twende Dunga. Nilipoiona ile njia nilidhani ni ya mkokoteni: mitaro miwili sambamba, katikati ukanda wa nyasi zilizosimama.

WAFULA: Hiyo ni njia ya kiboko. Miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana kwa sababu ya upana wa tumbo, kwa hiyo kila upande huchimba mtaro wake, na nyasi za katikati hubaki. Anarudia njia ileile usiku baada ya usiku. Unyayo wenyewe una vidole vinne, vyote vimegusa ardhi, vimetanuka. Ukishauona mara moja hutaufananisha na wa ng'ombe.

ACHIENG: Nawe ukanivuta mkono tukatoka njiani haraka.

WAFULA: Kwa sababu kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Kiboko hutoka majini jioni, hula nyasi hata kilo 40 kwa usiku, kisha hurudi. Akikukuta katikati yake na maji, anaona umemzibia mlango wa nyumbani. Wanaochota maji na wanaokwenda nyavuni alfajiri wanaijua hatari hii kuliko sisi. Mgeni akiuona mtaro ule, apitie kwingine.

ACHIENG: Tulijuaje kwamba alipita usiku huohuo?

WAFULA: Matone ya mvua. Pale tulipoingilia, nyayo zilikuwa na vidoa vidogo vya matone ndani yake, maana yake alipita kabla ya mvua kukatika. Mbele kidogo zilikuwa safi, kingo kali, maji ndiyo kwanza yanajikusanya ndani. Alienda kula mvua ikinyesha, akarudi imekatika.

ACHIENG: Hapo nilisisimka, kusema kweli. Usiku mzima wa mnyama umeandikwa kwenye hatua ishirini.

WAFULA: Ndiyo maana nakataa kuhukumu kwa unyayo mmoja. Tope laini hutanua vidole, na mbwa akikimbia anaweza kuacha alama kubwa kupita kiasi. Fuata hatua kumi, kumi na tano, utapata moja iliyokaa sawasawa. Kule kwetu Kitale, kwenye kinamasi cha Saiwa, nzohe, yule swala wa majimaji, ana kwato ndefu zilizoachana sana ili asizame. Kwenye udongo mkavu huenda ukashangaa ni swala gani huyu mwenye vidole vya kuku, lakini ukifuata zile alama zinakupeleka kwenye mafunjo, na jibu umelipata.

ACHIENG: Na mtu akikuta unyayo wa chui kweli, karibu na zizi?

WAFULA: Apige picha akiwa ameweka kitu kando, kalamu au kiberiti. Awafungie mbuzi ndani, watoto wasitumwe dukani gizani, awaite askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Na ule unyayo usikanyagwe.

ACHIENG: Mama yangu siku hizi akiona alama asiyoijua uani, huifunika kwa karai ili kuku wasiichakure, kisha ananipigia simu. Wiki jana alifunika tatu. Zote zilikuwa za kenge, mkia umeburutwa katikati.