Koo la bakteria na mgonjwa ana aleji ya penisilini, unampa nini?

Haya wapendwa karibuni tena dirishani kwangu. Kumulika koo mnajua, naruka. Mwenye mafua na kikohozi mara nyingi ni virusi, huyo antibayotiki hazimhusu. Leo ni yule ambaye kipimo kimeonyesha streptokokasi kweli, yaani yule bakteria wa koo, halafu anakwambia penisilini inamkataa.

Usishike dawa yoyote kwanza! Muulize ilimkataa vipi. Alivimba midomo? Pumzi ilibana? Au aliharisha tu? Kuharisha peke yake sio aleji jamani.

Sasa oneni hili boksi... ngoja nisogeze simu, mwanga unapiga... haya, Ampiclox. Ndani ni ampisilini na kloksasilini, zote ukoo wa penisilini, ila mgonjwa hawezi kujua. Mwaka wangu wa kwanza kazini mama mmoja aliniambia kabisa sindano ya penisilini inamkataa, mimi nikampa hii hii, akameza palepale, haikupita muda shingo yote vipele anajikuna mpaka tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini mimi sijasahau. Narudia, Ampiclox ni penisilini, amoksilini ni penisilini, Augmentin ni penisilini.

Kama vilikuwa vipele vidogo tu na vilikuja baada ya siku kadhaa, mimi chaguo langu ni sefaleksini. Miligramu 20 kwa kilo, asubuhi na jioni, siku 10. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 400 kila dozi, na chupa hii ina miligramu 250 kwenye mililita 5, kwa hiyo unavuta mililita 8, tumia bomba la sindano, kijiko cha chai hapana.

Aliyevimba au kubanwa pumzi, sefaleksini usiiguse, ni binamu yake penisilini. Huyo ni klindamaisini, miligramu 7 kwa kilo mara tatu kwa siku, siku 10, au azithromaisini, miligramu 12 kwa kilo mara moja siku ya kwanza, kisha miligramu 6 kwa kilo mara moja kwa siku kwa siku nne. Azithromaisini watu wanaipenda sababu inaisha haraka ila bakteria wengine wameshaizoea, na mwenye shida ya mapigo ya moyo usimpe bila daktari.

Septrin hapana, doksi (doksisaiklini) hapana, nakuomba sana, koo linaweza kutulia huku mdudu yumo, baadaye homa ya rumatiki inakula valvu za moyo wa mtoto.

Mwisho nachukua peni nyekundu, juu ya daftari lake naandika ASIPEWE AMPICLOX, AMOKSILINI, AUGMENTIN, majina yote matatu, maana duka lingine ataulizia kwa jina la boksi.