Funueni Shuka

Asanteni kwa utambulisho, ingawa umekuwa mrefu kuliko mhadhara wenyewe. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na naona wawili pale nyuma wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Siku nitakayopita wodini nikakuta kila shuka linafunuliwa, nitabadilisha mada.

Nimepewa kuzungumzia uuguzi wa mama tangu ujauzito hadi baada ya kujifungua. Mimi nitakaa kwenye saa mbili tu, zile za kwanza baada ya kondo la nyuma kutoka. Mtoto amelia, ndugu wamepigiwa simu, mkunga ameshusha pumzi. Na mama? Mama amefunikwa shuka safi, ameambiwa apumzike. Hapo ndipo roho yangu huanza kwenda mbio.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, zamu ya usiku. Mama wa uzazi wa tatu, uchungu ulikwenda vizuri, mtoto wa kike kilo 3.4. Nilimchoma oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 kama inavyotakiwa, kondo likatoka zima, nikalikagua, nikaandika damu iliyopotea: mililita 300. Hiyo 300 niliitoa wapi? Kichwani. Kila mtu alikuwa anaandika 300. Nikapima presha na mapigo, vyote vizuri. Baada ya robo saa nilitakiwa kupima tena, lakini kitanda cha pili kilikuwa kinaniita na mtoto hajavishwa utambulisho mkononi. Nikachukua kalamu, nikanakili. 120 kwa 80, mapigo 80. Robo saa iliyofuata, hivyo hivyo.

Akaniambia, "Nesi, nasikia usingizi." Nikamjibu, "Lala mama, umefanya kazi kubwa." Akapiga miayo. Akapiga tena. Mimi nikaona ni uchovu.

Sista mkuu wa zamu akapita. Hakuuliza kitu. Alifunua shuka, akaweka kiganja chini ya kitovu, na tumbo likabonyea kama mto wa pamba. Mkono wa pili akaupitisha chini ya kiuno cha yule mama, ukatoka mwekundu hadi kwenye kifundo. Damu ilikuwa imejikusanya kimya kimya mgongoni, juu ya mpira wa kitanda, huku mbele pedi ikionekana ya kawaida kabisa. Akaanza kuusugua mji wa mimba, huku akiagiza dripu, dawa, mpira wa mkojo. Ulitoka mkojo karibu lita nzima! Kumbe kibofu kilikuwa kimejaa na kuusukuma mji wa mimba upande wa kulia, hauwezi kukaza. Mkojo ulipokwisha kutoka, mji wa mimba ukarudi katikati ukawa mgumu kama paji la uso.

Mama alipona. Alfajiri sista akafungua faili, akaweka kidole kwenye mstari wangu wa tatu: "Haya mapigo 80 uliyahesabu kwa mkono gani?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Sasa, mnajua fiziolojia, sitawachosha. Ila kumbukeni tu kwamba mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo linapobanduka, kinachofunga ile mishipa kwanza ni misuli yenyewe, inayoinyonga kama fundo. Misuli ikilegea, fundo limefunguka. Na mjamzito ameongezewa damu mwilini, kwa hiyo anavumilia: presha inabaki nzuri, mapigo ndiyo yanapanda kwanza. Presha ikija kushuka, mmeshachelewa. Ndiyo maana 120 kwa 80 iliyonakiliwa ni hatari kuliko karatasi tupu. Karatasi tupu ingemshtua anayepokea zamu.

Kuna atakayesema, "Mimi nina uzoefu wa miaka 20, nikikadiria damu jicho langu halikosei." Mwalimu, linakosea. Jicho la mzoefu na la mwanafunzi yote hupunja, na damu inavyozidi kuwa nyingi ndivyo yanavyopunja zaidi. Pimeni zile nguo zilizoloa damu kwenye mizani, ondoeni uzito wake zikiwa kavu, kila gramu ihesabuni mililita moja. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, hospitali 80, wanawake zaidi ya 200,000. Kilichobadilishwa si muujiza. Ni mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mama, na matibabu yote kuanza kwa pamoja badala ya kujaribu moja, kusubiri, kisha lingine. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko wenye mistari, jamani!

Mwingine atasema tuko wachache. Kweli, na anayepanga idadi ya wauguzi akikaa ofisini asinisikie nikimtetea. Lakini kiganja tumboni hakimalizi nusu dakika. Mchukue mama mkono wake mwenyewe, uweke pale, mwambie: hapa pakilegea, niite hata kama nimenuna. Nimewaona wakishika zamu hiyo vizuri kuliko sisi. Na mwambie akakojoe; asipokojoa ndani ya saa sita, shughulika naye.

Dakika zangu zinakwisha, na kliniki ya ujauzito sijaigusa. Basi kwa haraka. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mama aonwe angalau mara nane kabla ya kujifungua. Sawa, lakini mara nane za kupiga muhuri kwenye kadi hazina maana. Presha ipimwe akiwa ameketi, ametulia, si amefika mbio. Baada ya kujifungua, aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha siku ya 7 hadi ya 14, kisha wiki ya 6. Wengi wetu tunaruka zile mbili za kwanza tunamngoja wiki ya 6. Kifafa cha mimba, kile kinachokuja na presha ya juu, hakina habari kwamba mimba imeisha. Mama wa siku ya tano akija na kichwa kinachomuuma na macho yanayoona ukungu, msimpe panadol akarudi nyumbani. Presha kwanza.

Kuhusu sonona baada ya uzazi nilikuwa na kurasa nne. Zimeliwa na lile shuka, na hiyo ni tabia yangu. Nitasema moja: mama akiingia, kabla hamjamfungua mtoto kitambaa, muulizeni yeye analalaje, na mkae kimya hadi ajibu. "Mtoto anaendeleaje?" ameshaulizwa na dunia nzima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali matatu, na tafadhali asisimame mtu kusema, "Mimi sina swali ila nina mchango."