Nafasi Zile ni za Nani?

Ndugu zangu, kabla sijaonyesha chochote, tazameni mwanzo wa mstari, pale kushoto penye nafasi tupu. Kwenye HTML, lugha ya kupanga kurasa za wavuti, nafasi zile hazina neno: weka mbili, weka ishirini, ukurasa ni uleule. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ndizo sarufi yenyewe. Mstari ulioingia ndani uko chini ya `if`, yaani sharti la «ikiwa». Uliorudi nje umeshatoka. Hakuna mabano ya kufungia.

Sasa waweke hawa wawili nyumba moja, yaani kiolezo: faili la HTML lenye Python ndani yake. Umefungua `div`, sanduku la HTML, ndani ya `div`, kodi yako (maagizo ya Python) inaanzia nafasi ya kumi na mbili. Hizo kumi na mbili ni za Python au za ukurasa?

Watengenezaji wa mitambo ya violezo hawajibu sawa. Mako wanajibu hivi: kati ya `<%` na `%>` anzia popote, mradi mistari ipatane yenyewe kwa yenyewe, mtambo utaisogeza panapofaa. Kitanzi, amri ya kurudiarudia, kinachozunguka HTML hufungwa kwa neno, `% endfor`. web2py walichukua `pass`, neno la Python lisilofanya kazi yoyote, wakaliajiri kuwa bawabu wa kufunga mlango. Hunichekesha kila nikiliona. Django wao wamekataa katakata: kiolezo hakipokei Python, kina vitambulisho (tags) vyake.

Mimi yalinikuta. Nilinakili mistari mitatu kutoka faili jingine, kwenye skrini ikakaa sawasawa kama imepigwa rula. Python ikanirushia kosa la `TabError`. Nikaisoma mara kumi, sioni kitu. Mwishowe nikawasha alama za nafasi kwenye kihariri: nukta nne, nukta nne, halafu mshale mmoja. Mstari wa tatu ulikuwa na alama ya Tab badala ya nafasi.

Na kuna pahala hata kusogeza kwenyewe ni hatari: maandishi ya nukuu tatu, yaani yaliyofungwa kwa alama tatu za nukuu kila upande. Nafasi zilizomo humo ni sehemu ya maandishi. Ukizigusa umebadilisha data. Ndiyo maana kodi yangu ikizidi mistari mitano naihamishia kwenye faili la `.py`, kiolezo nakiachia kuita jina tu.

Naam, mzee wa nyuma? Anauliza kama tunaweza kubana yote mstari mmoja kwa nukta mkato. Amri ndogo, sawa: `a = 1; b = 2` inapita. Lakini jaribu `a = 1; for x in orodha:` uone. Python itakugomea hapohapo kwenye `for`.