Kihamba ni hifadhi isiyo na askari

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Wakulima mliotoka Uru, Machame, Marangu na Rombo, wanafunzi, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa kuzungumzia uhifadhi wa bioanuwai wakati matumizi ya ardhi ya vijijini yanabadilika. Mlima wenyewe una watetezi wengi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikaingizwa katika urithi wa dunia 1987, na 2005 mpaka wake ukashushwa ukauchukua na msitu. Mimi leo nabaki chini ya mpaka huo, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, ambako hakuna askari wa wanyamapori na kila mti una mwenyewe. Nazungumzia kihamba, shamba la miti, migomba na kahawa linalozunguka nyumba ya Mchagga.

Vijana mliokulia Dar es Salaam mkaja huku kila Desemba, safari ijayo kitazameni kihamba kwa kuanzia juu. Juu kabisa kuna mfuruanje na mringaringa, miti ya msitu ambayo wazee waliibakiza walipofyeka, pamoja na msesewe ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini yake kuna mparachichi, kisha migomba, kisha kahawa. Chini kabisa ni magimbi, maharage, mnafu, na majani ya dawa ambayo bibi anayajua na mkwe wake bado anajifunza. Ng'ombe yuko bandani, samadi inarudi kwenye shina la mgomba. Maji huteremka kwa mfongo, mfereji wa jadi, kutoka msituni. Mpakani kuna mmea wa isale, na jirani akikosana na jirani, jani hilohilo la isale ndilo linalobebwa kwenda kuomba msamaha.

Wataalamu wa mimea wamehesabu katika vihamba vya mlima huu zaidi ya spishi 500 za mimea. Zaidi ya 400 kati ya hizo hakuna aliyezipanda. Zimejiotea, zikaachwa, kwa sababu mkulima hakuona haja ya kuzing'oa. Mimi nauheshimu sana uamuzi huo wa kuacha, maana umehifadhi mengi kuliko mabango yote ya kampeni niliyoyaona. Ndiyo maana usiku unamsikia perere, mnyama mdogo wa mitini, akilia juu ya mti katikati ya kijiji chenye watu wengi kuliko vijiji vingi vya nchi hii.

Na hawa viumbe hawali bure. Watafiti walifunika mibuni ya hapa Kilimanjaro kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, na mingine wakaiacha wazi. Mwaka 2014 wakachapisha walichokiona: ndege na popo, kwa kula wadudu waharibifu, waliongeza matunda yanayoshika kwa takriban asilimia 9. Nyuki na wachavushaji wengine walipoyafikia maua, tunda liliongezeka uzito kwa asilimia 7 hivi. Hiyo ni pesa ya mkulima, na hakuna duka la pembejeo linaloiuza.

Sasa, kimebadilika nini? Wengi husema watu wameongezeka. Ni kweli: kihamba cha ekari tatu kikigawiwa watoto wanne, kisha wajukuu, kinabaki uwanja wa nyumba. Lakini naomba tuitazame bei. Mwaka 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawa mgao wa kahawa kwa nchi zinazouza ulisimama, bei ikaporomoka. Zao lililosomesha wengi mlio katika ukumbi huu likawa halilipi hata mrututu wa kupulizia. Mkulima akang'oa mibuni, na mbuni ukishaondoka kivuli kinakosa kazi. Mahindi yanataka jua. Nyanya inataka jua. Mringaringa una mbao nzuri na mtoto anadaiwa ada, basi unaangushwa. Mahali pake hupandwa mgrivilea, mti wa Australia unaokua haraka, au hapapandwi kitu.

Simlaumu mkulima huyo hata kidogo. Anayemtaka autunze mfuruanje kwa ajili ya dunia nzima, huku ada anailipa peke yake, hamtendei haki.

Lipo na suala la nusu maili. Ukanda ule ulitengwa mwaka 1941 chini ya msitu ili wanavijiji wapate kuni na majani ya ng'ombe. Ulipoingizwa ndani ya hifadhi, ng'ombe hawakuacha kula. Majani lazima yatoke mahali, na mahali penyewe ni kihamba: mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe, yanachukua nafasi ya kahawa. Tumefunga mlango wa juu, mzigo ukashukia bustani ambayo nayo ni makazi ya viumbe. Mpaka wa hifadhi ukichorwa bila kuuliza majani yatatoka wapi, naona kazi haijakamilika.

Nina neno pia na kampeni zetu za miti. Tunahesabu miche. Mgrivilea elfu moja katika mstari na mfuruanje mmoja wa miaka themanini wenye kuvu, ndege na nyuki wake havilingani, lakini kwenye taarifa ya wilaya elfu moja ndiyo inayopigiwa makofi. Ningependa afisa misitu aulizwe mwaka huu ni miti mingapi mikubwa ya asili imebaki imesimama kwenye vihamba vya kata yake.

Njia zipo. Shimbwe Juu, kule Uru, kihamba kilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na mojawapo ya kazi zilizofanyika pale ilikuwa kuitafutia kahawa cheti cha kilimo hai. Huo ndio mwelekeo ninaouamini: kahawa ya kivuli iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, wametoa aina za kahawa zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo gharama ya dawa inapungua. Zipandwe chini ya miti iliyopo, jamani, miti isikatwe kwanza ili kuzipisha. Chama cha msingi kikikusanya kahawa, kitenge magunia ya vihamba vyenye miti ya asili na kuyatafutia mnunuzi wake. Hilo halisubiri sheria mpya, linaweza kuanza msimu huu.

Maswali nayapokea. Naomba waanze wakulima, hasa wa Rombo, ambako mvua ni chache na mifongo mingi imekauka. Nataka kujua kwenu mti gani wa kivuli bado unavumilia.