Kufunga kompyuta ya bei poa ya kuendesha akaunti tano za gemu kwa pamoja

Karibuni wadau. Leo tunaandaa kompyuta ya kuendesha akaunti tano za gemu kwa wakati mmoja, na hatununui kasha lenye taa za rangi rangi. Gemu la mfano ni Rise of Kingdoms. Wanaolicheza wanajua mambo yalivyo: una akaunti kubwa moja, na nyuma yake una akaunti za shamba zinazolima chakula, mbao, mawe na dhahabu, kisha zinaipelekea akaunti kubwa. Kwenye simu lazima utoke akaunti hii ndipo uingie ile. Kwenye kompyuta kila akaunti inakaa kwenye dirisha lake, ndani ya emyuleta, yaani programu inayoigiza simu ya Android.

Ukimwambia muuzaji unataka kompyuta ya gemu, atakupeleka moja kwa moja kwenye kadi za grafiki, yaani zile za kuchora picha. Mwache aongee. Kwa kazi hii hela inaanza kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), inafuata prosesa (ubongo wa kompyuta), halafu SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia). Kadi ya grafiki inakuja mwisho kabisa, na wengi wenu hamtaihitaji. Sababu ni kwamba kila dirisha ni Android kamili inayojitegemea: inachukua RAM yake na inakaba prosesa, lakini picha yake ni ndogo.

Sasa twendeni sokoni, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi. Tafuta kompyuta iliyotumika ofisini. Majina ya kushika ni Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4 na Lenovo ThinkCentre M920t. Zote hizo zinakuja na prosesa za Intel za kizazi cha nane, na nasisitiza cha nane. Windows 10 ilikoma kupata huduma ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi hicho. Ile ya kizazi cha sita itakuwa na bei ya kuvutia, lakini unanunua usumbufu.

Prosesa ya kulenga ni i5-8500, yenye viini sita. Ukipata i7-8700 kwa nyongeza ndogo, chukua. Halafu angalia umbo: zipo ndogo za kubandika nyuma ya monita, zipo nyembamba za kulala, na ipo ndefu ya kusimama, yaani tawa. Chukua tawa. Ina nafasi, inapumua, na RAM zake ni za kawaida, ndefu. Zile ndogo kabisa zinatumia RAM fupi za laptop, kwa hiyo ukienda kununua RAM sema wazi ni ya desktop, DDR4.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji (Performance), usome jina la prosesa na kiasi cha RAM kwa macho yako. Stika iliyobandikwa nje siyo ushahidi. Kuhusu RAM, bei zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo mashine ambayo tayari ina GB 16 ndani inaweza kukutoka nafuu kuliko ya GB 8 utakayoiongezea baadaye. Piga hesabu zote mbili palepale dukani.

Tumefika nyumbani. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Fungua ubavu. Vumbi mnaloliona hapa ni la miaka ya ofisini, lipulize huku umeshika feni isizunguke. Toa kipoza joto cha prosesa, futa pesti ya zamani iliyokauka, ile krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza, weka tone jipya la ukubwa wa choroko katikati, rudisha, kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo. Msiruke hatua hii. Madirisha matano yataiweka prosesa kazini mchana kutwa, na pesti iliyokauka ndiyo inayoifanya mashine ijipunguze kasi yenyewe.

RAM. Lengo letu ni GB 16, vijiti viwili vya GB 8, siyo kimoja cha 16, kwa sababu viwili vinafanya kazi sambamba. Kwenye Dell anza na sloti zenye klipu nyeupe. Kijiti kina pengo upande mmoja, kilinganishe na sloti, kandamiza pande zote mbili mpaka usikie klipu zikilia.

Kufunga SSD ni kazi ya haraka. Kama mazabodi, yaani bodi kuu, ina sloti ya M.2 (ya SSD nyembamba kama kijiti), ingiza kwa mshazari, ilaze, kaza skrubu yake ndogo. GB 500 zinatosha. Diski ya zamani (hard disk) iache kwa kuhifadhi video, usiweke emyuleta humo, utalia.

Kwa wale watakaotaka kadi ya grafiki, sikilizeni hapa. Pawa saplai za mashine hizi nyingi zinazunguka wati 250 na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo unahitaji kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, usiozidi wati 75. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinaingia hapo, lakini kuna baadhi ya GTX 1650 zenye tundu la pini sita pembeni. Ukiliona hilo tundu, rudisha kadi.

Washa. Kabla Windows haijaanza, gongagonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Umeingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Tafuta neno Virtualization, kwenye baadhi limeandikwa VT-x, hakikisha limewashwa, hifadhi, toka. Bila hilo emyuleta itakwama kama gari lenye breki ya mkono. Kisha weka Windows 11 na draiva zote, yaani programu za kuendesha vifaa vya mashine.

Pakua BlueStacks au LDPlayer kutoka kwenye tovuti zao wenyewe. Fungua dirisha moja tu kwanza. Lipe viini viwili, RAM ya GB 2, ukubwa wa picha 960 kwa 540, na kasi ya fremu 20 kwa sekunde. Ni akaunti ya kulima, haihitaji urembo. Weka gemu, acha lipakue masasisho yake yote, ila usiingie akaunti. Hapo ndipo unalinakili dirisha hilo mara nne kwa kidhibiti cha madirisha mengi. Ukienda kinyume, kila dirisha litapakua masasisho yake peke yake, na bando lako litaisha kabla hujavuna hata gunia moja.

Viini viwili mara tano ni kumi, na tunavyo sita, sawa. Madirisha yanagawana, mradi usiyaache yote yanapiga vita kwa wakati mmoja.

Sheria sasa. Kuwa na akaunti nyingi na kuziendesha kwa kitufe kimoja ni mambo mawili tofauti. Gemu la EVE Online lilipiga marufuku programu za kusambaza mbofyo mmoja kwenye madirisha mengi tangu tarehe 1 Januari 2015, na kampuni ya Blizzard ikafanya hivyo kwa gemu lake la World of Warcraft Novemba 2020. Emyuleta nyingi zina kitufe cha kuoanisha madirisha. Kiache mpaka usome masharti ya gemu lako, na boti, yaani programu za kulima zenyewe bila wewe, usiziguse kabisa, maana zinafungisha hata akaunti kubwa.

Umeme: mashine ikila wati 100, ikiwaka kwa muda wa saa kumi imekula uniti moja ya LUKU. Zima monita unapoondoka. Na kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, nunua UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, kabla ya kadi ya grafiki.

Mwisho ni jaribio. Fungua madirisha yote matano, yaache nusu saa, halafu angalia RAM na joto. RAM ikipita asilimia 90, funga dirisha moja. Joto la prosesa lisome kwa programu ya HWMonitor: likikaa juu ya nyuzi 85, fungua tena ubavu uangalie feni na pesti.