Faida, na Mutu Mwenye Hana Pa Kwenda

(Nilitoa hii mhadhara kwa wanafunzi na bamama wa soko hapa Goma, nimeiandika vile niliisema.)

Bamama, bapapa, na ninyi wanafunzi, jambo yenu. Leo tunaongea juu ya faida, juu kuna watu wanasema kupata faida ni zambi.

Nianzie ku chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma mizigo, juu hakuna mutu wa Goma asiyeijua, hata sanamu yake tuliisimamisha mu ronpwe, pale barabara zinazunguka. Kijana wa Kibumba anaamka usiku bado giza, anapakia mashu (kabichi) na viazi, anateremka muteremko wote ule, breki ni mguu wake. Anafanya vile juu ananipenda mimi? Hanijui hata jina. Anatafuta minervali, pesa ya masomo, ya watoto wake, na mimi magaribi nakula mboga freshi. Kama angengoja mpaka anipende kwanza njo alete mashu, muji huu wote tungelala njaa.

Adam Smith wa Uskoti aliandika jambo kama hilo mu mwaka 1776, kwamba chakula chetu hakitoki ku wema wa muuza nyama ao muoka mikate, kinatoka ku vile kila mmoja anaangalia faida yake. Watu wengi wanaishia pale, na wanamutumia kufunika kila wizi. Lakini ule mutu alikuwa profesa wa maadili kule Glasgow, na kitabu chake cha 1759 kinaanza ku huruma, vile roho yako inaumia ukiona mwenzako anaumia. Na mu kile kitabu cha 1776 anasema wazi kama wafanyabiashara wa kazi moja wakikutana hata kwa furaha tu, mara nyingi mazungumuzo inaishia ku mupango wa kupandisha bei juu ya raiya. Aliwajua vizuri.

Kwa hiyo mimi sikubali mutu aniambie faida ni zambi. Mama mwenye anauza sambaza, samaki ndogo za ziwa, na hapati faida, kesho hauzi tena, likelemba, ule muchango wa kupeana zamu, inamushinda, watoto wanafukuzwa ku masomo, na wewe mwenyewe sambaza hauzipati.

Sasa tukuje ku kigumu. Tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, Nyiragongo ilipasuka, lava ikaharibu mipira ya maji, na bidoni (dumu) ya maji ikapanda bei siku ile ile. Tulikasirika, mimi pia nilikasirika sana. Lakini kisha nilifikiri: kijana mwenye anasukuma bidoni toka ku ziwa mpaka mutaa wa Majengo, anapanda mawe ile yote, anachoka mara mbili kuliko mbele, na bei ikiwa nzuri na wengine kumi wanaacha kazi ingine wanakuja kuleta maji, njo maji inazidi na bei inarudi chini. Ule siwezi kumuita mwizi. Mwenye namuita mwizi ni mwenye alikuwa na tanki imejaa ku lupango, mu kiwanja chake, anafunga mulango, anangoja kiu ipande. Ule hakuleta hata tone moja. Faida yake ilitoka mu kiu yetu, haikutoka mu jasho lake, na hapo njo ninaweka mupaka.

Ya kopo ni mwepesi, siikawishe. Kopo la kupimia lenye kubonyezwa chini ni wizi. Amosi sura ya 8 inakemea wenye kupunguza kipimo, na Kurani iko na sura nzima, ya 83, yenye kuanza na ole wao wapunjao. Wakristo na Waislamu wa soko la Birere hapo hawana ubishi.

Lakini kuna watu wanasema: "Nilimwambia bei, akakubali, hakuna wizi." Hapana, tusikimbie. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, mashua toka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wanaona ku inchi kavu, wamesimama, wanalia. Ilijaa kupita kiasi. Kila abiria alilipa kwa mukono wake, ndiyo, alikubali. Lakini barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, angepita wapi? Mutu mwenye hana njia ingine, kukubali kwake si ruhusa ya kumufanyia chochote. Mwenye mashua alijua uzito, abiria hakujua. Mambo mawili yale, kujua na kuweza kukataa, njo naangalia kila mara mu biashara, na moja ikikosa, muuzaji anabeba deni la kuangalia mwenzake kwa macho ya ule mwenzake.

Na mu mwaka 2025, benki zilipofungwa hapa, wengi wenu mulitoa pesa ku simu, na komisio ikapanda. Mimi nilikatwa kiasi chenye kilinilaza na roho mbaya. Nilirudi kumuuliza ule ajenti, akanionyesha vile yeye mwenyewe ananunua kash kwa bei gani, akafungua daftari mbele yangu, mistari yote. Sikufurahi, lakini nilimulipa tena wiki iliyofuata, juu alinionyesha. Jirani yake alikataa kuonyesha, anasema "ukitaka chukua, hautaki acha", na alijua mutoto wa mutu iko hospitali.

Nimeongea sana. Mama mwenye kitenge cha kijani, uliinua mukono toka mwanzo, uliza.